Wimbo Mwepesi wa Baba Chinatsu

Mume wangu haimbi. Nasema hivi bila kumsengenya, maana hata yeye anajua. Ana miaka hamsini na saba, anatengeneza lifti, na akifungua mdomo kuimba hutoka sauti ya mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa. Kwenye sherehe za kazini kwao yeye ndiye anayewamiminia wenzake bia, anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na zamu yake ikikaribia anakwenda msalani. Ameishi hivyo tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumfukuza kazi.

Kwa hiyo Chinatsu, binti yetu wa pekee, aliponipigia simu kusema kwamba baba wa mchumba wake Kazuma amekubali hatimaye kukutana nasi, nilifurahi mpaka nikaacha sufuria ikaungua. Furaha yenyewe haikukaa.

"Tutakula pamoja mchana, Mama," aliniambia. "Halafu mzee anataka tuimbe."

"Nani aimbe?"

"Wote. Lakini hasa Baba. Mzee amesema akimsikia baba wa mtu anavyoimba, atajua kama ni watu wa kuoana nao."

"Ndiyo akili gani hiyo?"

"Ndiyo yake, Mama. Ni mwenyekiti wa chama cha waimbaji wa mji wao. Hata wafanyakazi anawaajiri hivyohivyo."

Niliuuma ulimi wangu. Kama ingekuwa jambo jingine ningemwambia huyo mzee akamwimbie mkewe. Lakini ndoa ya Chinatsu ilikuwa mikononi mwake. Binti yangu aliwahi kuolewa akiwa na miaka ishirini na sita, ikavunjika upesi, na Mzee Hirabuki, mwenye kiwanda cha achari kule milimani, aliposikia neno mtalaka alikataa hata kuiona picha yake. Kwa zaidi ya mwaka alikataa. Kazuma, mwanawe, kijana mpole wa miaka thelathini na tano, alikuwa kila akija kwetu anatuletea achari na kutuomba subira. Naye Chinatsu alishaapa kwamba hataingia tena kwenye nyumba asimotakiwa. Mzee akisema ndiyo, harusi ipo. Akisema hapana, basi, kila mtu na njia yake.

Na mimi niliitaka harusi hiyo. Sioni haya kusema. Nilimtaka Kazuma kuliko pengine hata Chinatsu mwenyewe alivyomtaka. Nilichoka kumsikia binti yangu, kila nikimpigia simu, akila chakula cha dukani peke yake huku televisheni ikiongea.

Jumamosi iliyofuata nilimburuta Baba Chinatsu hadi kwenye jumba la karaoke karibu na stesheni ya Takasaki. Tulipewa chumba kidogo chenye harufu ya viazi vya kukaanga. Alikaa pembeni kabisa ya kochi, koti hajavua.

"Vua koti, Baba Chinatsu. Hatuko kwa daktari wa meno."

"Kwa daktari wa meno angalau wanakudunga ganzi."

Nilimwambia achague wimbo anaoupenda. Kuchagua wimbo unaoupenda ndilo kosa la kwanza, na wanaume wengi wa umri wake hulifanya. Alichagua wimbo uliokuwa ukipigwa kila mahali tulipokuwa vijana, wa haraka, wenye gitaa jingi, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Muziki ulianza. Maneno yakapita kwenye skrini, yeye akabaki ameduwaa, mdomo wazi, hadi kilipofika kiitikio. Kiitikio alikishika. Kikapanda juu, naye akapanda nacho, sauti ikakatika katikati.

"Lakini wimbo huu naujua!" alilalamika.

"Unakijua kiitikio. Huujui wimbo."

"Ni kitu kilekile."

"Kingekuwa kitu kilekile usingekuwa unakohoa."

Tulikaa mle hadi jua likazama. Nyimbo zenye maneno ya Kizungu katikati nilizitupa zote, maana pale ndipo wazee wa rika lake hujing'ata ulimi. Nyimbo za wavuvi na dhoruba nilizitupa pia, kwa sababu zinataka mtu autetemeshe mwisho wa kila neno, na Baba Chinatsu akitetemesha sauti unataka kumwitia gari la wagonjwa. Nyimbo ndefu hapana. Nyimbo za kulilia mpenzi hapana, anaona aibu mpaka masikio yanakuwa mekundu. Nilikuwa natafuta wimbo unaotembea chinichini, noti moja jirani ya nyingine, wenye nafasi ya kupumua baada ya kila mstari, na ambao watu wote wanaufahamu ili wapige makofi na kumbeba.

Nikaupata. Unaitwa "Mwavuli Niliouacha Kiwandani". Ni wimbo wa zamani wa mtu anayerudi nyumbani kwenye mvua baada ya kazi, basi, hakuna zaidi. Niliushusha muziki wake ngazi tatu, ulingane na sauti yake, kwa kubonyeza tableti ya kuchagulia nyimbo, Baba Chinatsu akasimama, mikono ubavuni, akausoma. Ulisikika. Haukuwa mtamu, lakini ulisikika kuwa ni wimbo.

"Tena," nikamwambia.

"Mama Chinatsu, nimeuimba mara ngapi sasa?"

"Tena. Na usiishike hiyo maiki kama spana."

Siku chache baadaye alikuwa anauimba akioga. Nilisimama nje ya mlango wa bafu nikimsikiliza, na nilimwonea huruma. Mtu mzima aliyewakwepa wakubwa wa kazi maisha yake yote, leo anajikaza kwa ajili ya mtoto.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwetu kila mtu mzima analijua. Mkubwa akiwa na wimbo wake, hauugusi. Unaweza kuimwagia bia suruali yake na akacheka, lakini ukisimama mbele yake ukauimba wimbo wake, umemvua nguo. Kwa hiyo, kabla ya siku yenyewe, nilimpigia Kazuma kwa siri.

"Baba yako anaimba nini, mwanangu? Tusije tukakanyaga pasipokanyagwa."

"'Ukungu wa Mlima wa Pili', Mama. Ule ndio wake. Watu wa huku wote wanajua."

Nikashusha pumzi. "Sisi tumechagua 'Mwavuli Niliouacha Kiwandani'. Hakuna shida?"

"Hakuna kabisa. Baba haimbi ule."

"Basi ubaki kwetu sisi wawili. Huo ndio wimbo pekee anaouweza. Ukichukuliwa na mtu, tumekwisha."

"Usijali, Mama," alisema, na sikujali.

Jumapili ile tulipanda treni asubuhi. Baba Chinatsu alivaa suti ya misiba, kwa sababu suti nyingine hana, ila tai nilimnunulia mpya. Mzee Hirabuki alitupokea mlangoni mwa mkahawa wa tambi za soba. Mtu mfupi, mabega mapana, nywele nyeupe zimechanwa nyuma, sauti yake ya kawaida tu ilijaza chumba. Kazuma alisimama nyuma yake, hatua moja kamili, na aliendelea kuwa nyuma hatua moja siku nzima.

Chakula kilipita kama mtihani. Mzee aliuliza lifti zinaharibika kwa sababu gani. Aliuliza kama Chinatsu anaweza kuamka mapema, kwa sababu achari haisubiri. Halafu, akiwa anachovya soba yake kwenye mchuzi, bila kumwangalia mtu, akauliza, "Ile ndoa ya kwanza, nani aliondoka?"

Chinatsu akaweka vijiti vyake chini.

"Mimi, mzee," alisema.

"Ahaa," alijibu mzee, na akaendelea kula. Kazuma alimwongezea baba yake chai.

Kutoka pale tulitembea hadi baa anayoizoea, kibaa chenye kaunta na meza mbili, kilichofunguliwa mchana kwa ajili yetu. Mwenye baa, mama mmoja wa makamo mwenye kucheka kwa macho, alituletea taulo za moto, bia na ngisi mkavu. Wazee wawili wa kile chama cha waimbaji walikuwa wamekaa kaunta, wametugeukia kabisa, kama watu waliokata tiketi. Juu ya meza yetu palikuwa na maikrofoni mbili. Moja aliichukua mzee. Nyingine ilibaki mezani, mbele ya Kazuma.

"Mimi nitafungua njia," alisema Mzee Hirabuki, "ili wageni wasione aibu. Mama, washa alama, mashine impime kila mwimbaji."

Mwenye baa alisita. "Hata leo, mwenyekiti? Na wageni?"

"Washa. Mashine haina upendeleo."

Nilimbana Baba Chinatsu goti chini ya meza, kumwambia asiogope, alama si kitu. Mzee alibonyeza tableti, akasimama. Kwenye skrini ikatokea picha ya barabara yenye mvua, na juu yake, kwa maandishi makubwa meupe, "Mwavuli Niliouacha Kiwandani".

Sikuamini. Nilidhani nimesoma vibaya. Halafu muziki ukaanza, muziki uleule niliousikia kupitia mlango wa bafu letu, na nikamgeukia Kazuma. Alikuwa anatazama glasi yake. Hapo nikajua. Damu ilinipanda kichwani, na kama si Chinatsu kuwa katikati yetu, sijui.

Na mzee, mwizi yule, aliimba vizuri. Lazima niseme ukweli. Aliimba bila kujitutumua, kila neno likitua mahali pake, na alipomaliza beti mbili akaikata mashine, kama wafanyavyo watu wenye adabu, ili asile muda wa wengine. Wazee wa kaunta wakapiga makofi. Mashine ikampa tisini na tatu kwa mia. Akakaa, akajifuta paji la uso, akamsukumia mume wangu maikrofoni.

"Haya, Bwana Sekiya. Zamu yako. Nasikia nawe ni mpenzi wa nyimbo za aina hii."

Kwa hiyo alijua, na alitaka tujue kwamba anajua.

Nilinyakua tableti. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwenye kioo. Nilipekua nyimbo, hii ya juu mno, hii ndefu, hii ina Kizungu, hii ya kulia, ile ya gitaa hapana, na nyuma yangu nilisikia glasi ya mzee ikigonga meza taratibu.

"Baba Chinatsu," nilimnong'oneza, "sema koo linakuuma. Sema una mafua."

"Sina mafua."

"Sema tu!"

"Nipe ule wetu," alisema.

"Umerogwa? Ameshauimba! Utauimbaje baada yake?"

"Sina mwingine, Mama Chinatsu. Unajua sina."

Akasimama. Aliinama mbele ya mzee, akainama mpaka nikaona kisogo chake, pale nywele zilipoanza kumpungukia.

"Mzee, nisamehe. Wimbo uliouimba sasa hivi ndio wimbo pekee ninaoujua. Naomba ruhusa niuimbe tena."

Mmoja wa wazee kwenye kaunta alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa. Mwenye baa aliacha kufuta glasi.

"Niliouimba mimi?" aliuliza mzee.

"Ndiyo."

"Baada yangu?"

"Ndiyo. Najua ni utovu wa adabu."

Mzee aliiweka glasi chini. "Imba," akasema.

Nikabonyeza. Mvua ikanyesha tena kwenye skrini, muziki ukaanza, na mstari wa kwanza ulipofika mume wangu akafungua mdomo, ikatoka sauti iliyobanwa kooni, nyembamba, si yake. Nikagutuka. Sikuwa nimeshusha ngazi. Kwa haraka ile nilisahau kuushusha muziki, ukaanza palepale juu alipouacha mzee. Nikaikamata tableti tena, nikabonyeza chini, chini, chini, na muziki ukaporomoka katikati ya neno. Baba Chinatsu akapotea. Alisimama pale na maikrofoni yake, maneno yakipita mbele yake na kubadilika rangi, mstari mmoja, mstari wa pili, na yeye kimya. Kosa lilikuwa langu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mambo haya hutokea kila siku kwenye kila baa, na kila mtu anajua la kufanya. Mtu akipotea, jirani yake huchukua maikrofoni ya pili, humwingilia kidogo kwa sauti, na akishaipata njia humwachia. Hakuna anayefundishwa. Hata walevi hufanya. Nami nilikuwa pembeni kabisa mwa meza, nimefungiwa na ukuta na mkoba wangu. Maikrofoni ilikuwa mbele ya Kazuma, karibu na vidole vyake. Na Kazuma anaimba vizuri, amelelewa ndani ya nyimbo hizo, anaujua ule wimbo toka utotoni.

Mwenye baa alikohoa, akamtazama Kazuma. Hata mzee mmoja wa kaunta alimwonyesha kwa kidevu. Chini ya muziki nilisikia Chinatsu akisema, "Kazuma."

Kazuma alimwangalia baba yake. Baba yake alikuwa amekaa, mikono imekunjwa, anaangalia. Kazuma akanyoosha mkono, nikashukuru moyoni, nikasema mwanangu, mwanangu. Mkono ukaipita maikrofoni. Akachukua taulo lake, akaanza kujifuta viganja, kidole kimoja kimoja.

Mstari wa tatu ukapita bila mtu. Kwenye wa nne Baba Chinatsu alirudi mwenyewe. Alianza katikati ya neno, amechelewa, sauti imekauka, akausoma wimbo kama anavyousoma, akatembea nao. Mimi nikapiga makofi kumshikia mwendo. Nilipiga kwa nguvu hadi viganja vikaniwaka. Mwenye baa akanifuata, halafu wale wazee wawili, mmojammoja, macho yao yakiwa kwa mwenyekiti wao. Chinatsu hakupiga. Wala hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama Kazuma, muda wote, hapepesi macho.

Ubeti wa pili ukaisha. Nilisubiri aikate mashine, tumalize aibu hii. Hakuikata. Labda hakukumbuka, labda hakutaka, mpaka leo sijamuuliza. Aliimba ubeti wa tatu, ule ambao hakuna anayeuimba, mtu yule wa mvuani akifika mlangoni kwake akiwa ameloa, akitafuta ufunguo. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni kwenye tai mpya. Muziki ulipokwisha aliinama, akaiweka maikrofoni mezani kwa mikono miwili.

Mashine ilimpa hamsini na moja.

Halafu Mzee Hirabuki akaanza kucheka. Alicheka huku akipiga goti, akainuka, akachukua chupa ya bia na kummiminia mume wangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana Sekiya! Sijawahi kusikia mtu akiimba vibaya namna hii humu ndani. Mama, umewahi?"

"Sijawahi, mwenyekiti," alisema mwenye baa, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Lakini ulisimama. Nilikuchukulia wimbo wako makusudi, nisikufiche. Nilitaka nione. Wengine huniambia koo linawauma, wengine hunicheka kwa woga, mmoja aliwahi kutoroka kupitia dirisha la choo. Wewe umeniomba ruhusa, umeaibika, na umemaliza hadi ubeti wa tatu. Mtoto aliyelelewa na mtu kama wewe, hata angeolewa mara tano, namtaka nyumbani kwangu. Basi. Harusi ifanyike wakati wa vuli, achari zikishaingia mapipani."

Nililia. Nililia waziwazi, nikainama hadi paji la uso likagusa meza, nikasema asante, asante sana mzee. Mabaya yote niliyomwombea kichwani nilimfutia. Baba Chinatsu alikaa chini, akajifuta jasho kwa ile tai mpya. Na Kazuma, uso umechangamka kama mtu aliyefunguliwa kamba, akamwinamia Chinatsu.

"Si nilikuambia? Baba ana moyo mzuri. Ni kumzoea tu."

Chinatsu alisimama. Alinyoosha sketi yake, akaweka viganja mbele, akamwinamia mzee kwa adabu zote nilizowahi kumfundisha.

"Mzee, asante kwa kumheshimu baba yangu. Sitasahau. Na kama ningekuwa naolewa na wewe, ningekubali hapahapa."

Kicheko cha mzee kikakatika. Mimi nilishaishika nguo ya Chinatsu kwa nyuma, chini ya meza, tayari kumvuta akae. Kaa, mtoto, kaa, usiharibu. Neno tulilokuwa tukilisubiri zaidi ya mwaka lilikuwa limesemwa, na yeye amesimama anacheza nalo.

"Ulimtajia baba yako wimbo wa baba yangu?" alimuuliza Kazuma.

"Aliniuliza, Chinatsu. Aliniuliza moja kwa moja. Ningefanyaje?"

"Na hiyo maiki?"

Kazuma akaitazama maikrofoni kama ndiyo kwanza anaiona. "Nielewe. Baba alikuwa ananiangalia."

"Na mimi nilikuwa nakuangalia," alisema Chinatsu.

Sauti yake haikupanda. Ningependa ipande, ningependa apige kelele, avunje glasi, ili niweze kumgombeza. Lakini aliisema polepole, na vidole vyangu vilivyokuwa vimeshika nguo yake vikalegea. Nikaiachia.

Kazuma alibaki amekaa. Alimtazama Chinatsu, akamtazama baba yake. Nilimwombea ainuke. Baada ya yote, bado nilimwombea. Mzee Hirabuki naye alikuwa anamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee kweli, mashavu yameshuka.

"Kazuma," alisema, karibu anaomba. "Inuka basi. Mwambie kitu."

Na Kazuma, alipoambiwa na baba yake, akainuka.

Chinatsu alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa tayari anatafuta koti lake. Baba Chinatsu alimsaidia kulivaa, mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kama alipokuwa mdogo, na tukatoka sote watatu, mwenye baa akitushikia mlango.